Kabla hujaagiza tangi la maziwa, ijue namba ya bati

* Stenlesi si moja, ziko aina nyingi na bei zake ni tofauti
* Sumaku pekee haitoshi kumgundua muuzaji mjanja
* Kuchomelea vibaya kunaweza kuharibu hata bati zuri

WAFUGAJI na wasindikaji wadogo wengi wanapoamua kununua tangi la maziwa, sufuria kubwa ya kuchemshia juisi au mashine ya kukamulia asali, swali la kwanza wanalomwuliza fundi ni bei. La pili ni lini kazi itakwisha. Swali ambalo wengi hawaliulizi, na ambalo ndilo huamua kama fedha zao zitarudi au zitapotea, ni hili: bati hili ni la namba ngapi?

Chukua mfano wa kikundi cha wafugaji kinachokusanya lita 500 za maziwa kwa siku. Wanachama wanachangishana, wanakopa kiasi kwenye Saccos, kisha wanakwenda kwa fundi kuagiza tangi. Fundi analeta bati linalong'aa kama kioo. “Mama, hii ndiyo stenlesi yenyewe, utawaachia wajukuu,” anamwambia mwenyekiti wa kikundi. Tangi linakamilika, linapendeza, na siku ya kulizindua wanapiga picha.

Miezi michache baadaye vidoa vya rangi ya kahawia vinaanza kujitokeza kwenye maungio. Vinasuguliwa, vinarudi. Baadaye vinakuwa vishimo vidogo kama tundu la sindano. Maziwa yanajificha humo, hayatoki hata kwa kuosha, na vimelea vinapata makazi. Maziwa ya asubuhi yanachacha kabla ya kumfikia mnunuzi, naye anayarudisha. Mkopo haujaisha, tangi limekwisha.

Visa vya namna hii vinaeleweka kwa yeyote aliyewahi kufanya kazi ya usindikaji. Na mara nyingi fundi hakusema uongo. Bati lile lilikuwa stenlesi kweli, ila halikuwa stenlesi ya kazi ile.

Siri iko kwenye kromiamu

Chuma cha kawaida kikikutana na maji na hewa hushika kutu. Kutu hiyo hububujika na kubanduka, ikifunua chuma kipya ambacho nacho huliwa. Ndivyo geti linavyotoboka na jembe linavyoisha kwenye kona ya nyumba.

Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na madini ya kromiamu yasiyopungua asilimia 10.5. Kromiamu hiyo hukutana na oksijeni ya hewani na kutengeneza utando juu ya bati. Utando huo ni mwembamba kiasi kwamba macho hayawezi kuuona, lakini hung'ang'ania bati na kuzuia maji na hewa visipite kwenda ndani. Ukikwaruza bati, utando hujitengeneza upya wenyewe, mradi pale mahali ni pasafi na hewa inafika.

Hapo ndipo penye somo kubwa kwa mtumiaji. Stenlesi haina rangi inayoilinda wala haikupakwa kitu. Kinachoilinda ni usafi na hewa. Bati likifunikwa na uchafu, chumvi au mabaki ya chakula kwa siku nyingi, utando hukosa nafasi ya kujirekebisha, na kutu huanzia hapo hapo.

Ugunduzi huo una umri wa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1913, Harry Brearley wa mji wa Sheffield nchini Uingereza, akitafuta chuma kitakachodumu kwenye mitutu ya bunduki, alitengeneza chuma chenye kromiamu ya karibu asilimia 13 ambacho hakikuliwa na asidi kwa urahisi. Chuma hicho kikaingia kwenye visu vya mezani. Mwaka mmoja kabla yake, kampuni ya Krupp ya Ujerumani ilikuwa imekwishaomba hataza ya chuma chenye kromiamu pamoja na nikeli, ambacho ndicho baba wa mabati mengi ya viwanda vya chakula vya leo.

Namba anazopaswa kuzijua mnunuzi

Ziko aina nyingi za stenlesi duniani, lakini mfugaji au mfanyabiashara mdogo anaweza kufanya kazi yake vizuri akizijua chache tu.

Namba 304. Hii ndiyo inayotumika zaidi kwenye vyombo vya chakula. Ina kromiamu ya kama asilimia 18 na nikeli ya kama asilimia 8, ndiyo maana baadhi ya sufuria na vijiko huandikwa 18/8. Nikeli huifanya iwe laini kukunja, rahisi kuchomelea na imara dhidi ya asidi za kawaida za chakula. Inafaa kwa maziwa, juisi, asali, mafuta ya alizeti, jamu na meza za kuchinjia. Kwenye karatasi za Wajapani huandikwa SUS304, na za Ulaya huandikwa 1.4301.

Namba 316. Ni ndugu wa 304 aliyeongezewa nikeli na madini ya molibdenamu kati ya asilimia 2 na 3. Molibdenamu ndiyo inayoipa nguvu ya kupambana na chumvi. Anayetengeneza achari, anayelowesha samaki kwenye maji ya chumvi, au mwenye kiwanda kinachopigwa na upepo wa bahari Tanga, Mombasa au Zanzibar, hana budi kuifikiria. Ni ghali kuliko 304, lakini kwenye chumvi 304 huanza kutoboka vishimo. Hatari huongezeka maji ya chumvi yakiwa ya moto, kwani yakipita nyuzi joto 60 bati la 304 lililokunjwa au kuchomelewa linaweza hata kupasuka nyufa.

Namba 304L na 316L. Herufi L maana yake kaboni imepunguzwa, isizidi asilimia 0.03. Umuhimu wake utaonekana kwenye suala la kuchomelea.

Namba 430. Hii ina kromiamu ya asilimia 16 hadi 18 lakini haina nikeli, hivyo bei yake ni nafuu. Inafaa kwa mapambo, milango ya majiko, meza za kuuzia na sehemu zinazobaki kavu. Ikichomelewa, sehemu ya karibu na mshono hupoteza ugumu wake wa kustahimili mishtuko na huweza kukatika. Si bati la tangi la kubebwa kwenye gari.

Namba 201. Hapa ndipo wengi wanapoponzwa. Ili kupunguza gharama, watengenezaji walipunguza nikeli hadi karibu asilimia 4 au 5 na kujazia manganizi. Bati hung'aa sawasawa na 304, na kwa macho huwezi kuyatofautisha. Linafaa kwa vyombo vya nyumbani vinavyooshwa na kukaushwa. Lakini kwenye asidi, chumvi na dawa za klorini kila siku, linachoka mapema kuliko 304.

Namba 410 na 420. Hizi zinaweza kutiwa makali na kukazwa kwa moto, hivyo ni za visu, mapanga ya mashine na mikasi. Hazitengenezewi matangi.

Namba 310. Ina kromiamu ya kama asilimia 25 na nikeli ya kama asilimia 20. Ni ya sehemu za moto mkali kama tanuri, na huvumilia joto la zaidi ya nyuzi 1,000.

Namba 2205. Ni stenlesi ya mchanganyiko wa tabia mbili, yenye nguvu ya kustahimili mvuto karibu mara mbili ya 304 na uwezo mkubwa dhidi ya chumvi. Hutumika zaidi kwenye viwanda vikubwa na mitambo ya baharini.

Asidi ya maziwa, asali na mihogo

Baadhi ya wasindikaji hujiuliza kwa nini wasitumie bati la kawaida la kuezekea au pipa. Sababu ni kwamba vyakula vingi vina asidi. Maziwa yakianza kuchacha hutoa asidi ya laktiki. Asali, pamoja na utamu wake wote, ina asidi ya kutosha kuchubua bati la zinki, na ikikaa kwenye chuma hubadilika rangi na ladha. Juisi ya ukwaju, nanasi au passion huiyeyusha zinki ya mabati, na zinki ikizidi kwenye kinywaji husababisha kichefuchefu na kutapika.

Kwenye mihogo hali ni hiyo hiyo. Kikwaruzio cha bati lililotobolewa kwa misumari hushika kutu kati ya msimu mmoja na mwingine kwa sababu ya maji na asidi ya mihogo, na unga hupata rangi isiyopendeza mbele ya mteja. Kwa wakamuaji wa alizeti, chembe za chuma na hasa za shaba huharakisha mafuta kuharibika na kuwa na harufu ya kale. Kubadilisha bomba moja la shaba kwa la stenlesi kunaweza kuongeza muda wa mafuta kukaa dukani.

Sumaku haitoshi

Wanunuzi wengi hutembea na sumaku mfukoni. Ikinasa wanakataa bati, isiponasa wanalipa. Kipimo hiki kina ukweli nusu.

Ni kweli kwamba 430, 410 na 420 hunasa sumaku, na 304 na 316 hazinasi au hunasa kidogo sana. Kwa hiyo sumaku ikikamata kwa nguvu katikati ya bati, hiyo si 304. Tatizo ni kwamba 201 nayo hainasi. Mtu anaweza kupima kwa sumaku, akaridhika, akaondoka na 201 kwa bei ya 304. Kwa upande mwingine, 304 ikikunjwa kwa nguvu, kwa mfano kwenye kona ya sinki, inaweza kuvuta sumaku kidogo, na mnunuzi akamlaumu fundi bila kosa.

Njia ya uhakika zaidi ni karatasi. Kila kiwanda kinachotengeneza mabati ya stenlesi hutoa cheti kinachoonyesha asilimia za kromiamu, nikeli, kaboni na madini mengine, pamoja na namba ya mkupuo wa chuma hicho. Mara nyingi namba hiyo hiyo, aina ya bati na unene wake huwa vimepigwa chapa kwenye bati lenyewe au kwenye nailoni inayolifunika. Namba za cheti na za bati zikilingana, una ushahidi. Zisipolingana, una sababu ya kuuliza.

Zipo pia dawa za matone zinazobadilika rangi zikikutana na manganizi nyingi au molibdenamu, na vifaa vya mkononi vinavyosoma madini ya bati kwa mionzi. Baadhi ya wanunuzi wakubwa wa vyuma chakavu wanavyo. Kwa mtu anayenunua mabati ya mamilioni, kutafuta mwenye kifaa hicho na kumlipa kidogo si hasara.

Pima unene, kisha pima uzito

Jambo la pili linaloumiza wanunuzi ni unene. Mafundi wengi huzungumza kwa geji, lakini vipimo vya geji hutofautiana baina ya Waingereza na Wamarekani, na hata baina ya chuma cha kawaida na stenlesi. Ni salama kuagiza kwa milimita na kuandika hivyo kwenye risiti.

Kama huna kipimo cha unene, mizani ya kupimia mahindi inakutosha. Bati la stenlesi lenye ukubwa wa mita moja ya mraba na unene wa milimita 1 lina uzito wa kama kilo 8. Kwa hiyo zidisha urefu kwa upana kwa mita, zidisha kwa unene wa milimita, kisha zidisha kwa 8. Bati la futi 4 kwa 8, yaani mita 1.22 kwa 2.44, lenye unene wa milimita 1.5, linatakiwa kuwa na kilo kama 36. Likiwa na kilo 28 au 29, umeuziwa la milimita 1.2.

Hesabu hiyo hiyo inakusaidia kujadiliana na fundi. Tangi la duara lenye kipenyo cha sentimita 80 na kimo cha mita moja huchukua lita 500. Ukiunganisha ubavu, kitako na mfuniko, linahitaji mita za mraba kama 3.5, sawa na kilo 42 za bati la milimita 1.5. Kwa kuwa bati moja la futi 4 kwa 8 halifikii mita 3, itabidi ununue mawili, yenye jumla ya kilo kama 71. Maana yake yatabaki masalia ya karibu kilo 29. Masalia hayo ni mali yako. Yanaweza kuwa faneli, ndoo au vikombe vya kupimia, au kuuzwa kwa fundi ili apunguze gharama yake. Asiyeuliza huyaacha karakana.

Kuchomelea kunaweza kuharibu

Bati zuri mikononi mwa fundi asiyejua kazi ni sawa na bati baya. Stenlesi inapopashwa joto la kati ya nyuzi 450 na 850, kaboni iliyo ndani yake huikamata kromiamu na kuiacha sehemu ya kando ya mshono ikiwa maskini. Hapo ndipo kutu hupita. Ndiyo sababu ya kutafuta mabati ya L kwa kazi za kuchomelea, hasa bati likiwa nene.

Waya au vijiti vya kuchomelea navyo vina namba. Kwa bati la 304 hutumika 308L, na kwa 316 hutumika 316L. Anayeunganisha stenlesi na chuma cha kawaida hutumia 309L. Fundi anayetumia kijiti kile kile anachochomelea magrili ya madirisha anakuuzia kutu.

Kwa matangi ya chakula, njia bora ni ile inayotumia gesi ya agoni kuukinga mshono dhidi ya hewa, pande zote mbili. Mshono ukiwa mweusi na wenye magamba ndani ya tangi, lazima usafishwe na kulainishwa, kwani weusi huo ni utando ulioharibika.

Kosa jingine ni kuchanganya zana. Jiwe la grenda au brashi ya waya iliyotumika kwenye chuma cha kawaida huacha chembe za chuma juu ya stenlesi, na chembe hizo hushika kutu. Mteja huona kutu na kudhani ameuziwa bati bandia. Fundi makini huwa na mawe na brashi za kazi ya stenlesi pekee.

Aidha, stenlesi hupitisha joto polepole, karibu theluthi moja tu ya chuma cha kawaida, na hutanuka zaidi. Mita moja ya 304 ikipanda joto kwa nyuzi 100 hurefuka kwa kama milimita 1.7. Hii ndiyo sababu bati jembamba hujikunjakunja likichomelewa kwa haraka, na sababu ya sufuria ya stenlesi kuunguza chakula pale moto unapopiga. Kwa kuchemshia maziwa au jamu, ni bora chombo chenye kuta mbili na maji ya moto katikati.

Uso wa bati na usafishaji

Mabati huuzwa yakiwa na uso wa aina mbalimbali. Ule unaoitwa 2B ni laini wenye mng'ao wa wastani, na ndio unaotumika sana kwenye matangi. Namba 4 una mistari myembamba ya msasa, na huonekana kwenye meza na makabati. Namba 8 hung'aa kama kioo. Bati nene lililotoka kwenye moto bila kulainishwa, lenye uso wa namba 1, lina mikwaruzo na rangi ya kijivu, na linafaa kwa vyombo visivyogusa chakula. Kwa chakula, uso ukiwa laini uchafu hukosa pa kushika.

Kuosha ni kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi laini, kisha kusuuza na kukausha. Nyuzi za chuma za kusugulia masufuria zisitumike. Dawa za klorini zinaua vimelea, lakini zikiachwa tangini usiku kucha hulila bati. Zitumike kwa kipimo na muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha zisuuzwe kwa maji mengi.

Usilipie pasipo sababu

Si kila kitu lazima kiwe stenlesi. Miguu ya meza, fremu ya mashine na ngazi vinaweza kuwa vya chuma cha kawaida kilichopakwa rangi. Mashine ya kusaga nafaka kavu haina haja ya 316. Afrika Kusini ilitengeneza bati linaloitwa 3CR12, lenye kromiamu ya kama asilimia 12 tu, ambalo hutumika kwenye mabehewa ya makaa ya mawe na viwanda vya sukari kwa sababu ni imara na bei yake ni ya kati. Kanuni ni moja: weka fedha pale chakula kinapogusa.

Bei ya 304 na 316 huyumba kwa sababu ya nikeli, kwani zaidi ya nusu ya nikeli ya dunia huishia kwenye stenlesi. Machi 8, 2022 Soko la Metali la London lililazimika kusimamisha biashara ya nikeli baada ya bei kuvuka dola 100,000 kwa tani. Kwa hiyo, bei aliyokutajia muuzaji mwezi uliopita inaweza isiwe ya leo. Ni vema kuomba bei ya maandishi yenye tarehe ya mwisho, na kuilinganisha kwa wauzaji wasiopungua watatu.

Anayeanza anaweza kuomba ushauri katika ofisi za SIDO zilizoko mikoani. Kwa Tanzania Bara, TBS ndiyo inayosimamia usalama wa chakula tangu mwaka 2019, baada ya kazi hiyo kuhamishwa kutoka iliyokuwa TFDA. Ni vizuri kuuliza masharti ya vyombo kabla ya kutengeneza kuliko baada ya mkaguzi kufika.

Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari. Kabla ya kutoa malipo ya awali, mkataba na fundi uandikwe mambo matano: namba ya bati, unene kwa milimita, aina ya uso, namba ya waya wa kuchomelea, na masalia ni ya nani. Nakala ya cheti cha bati ibanwe kwenye risiti. Karatasi hizo mbili hazichukui nafasi kubwa kwenye faili la kikundi, lakini siku vidoa vya kahawia vitakapojitokeza, ndizo zitakazoamua nani anatengeneza tangi jipya kwa fedha zake.